Mbwa wa Jirani kwenye Msako wa Wajerumani

Nianze na mume wangu, maana bila yeye kisa hiki hakina kichwa. Mume wangu hapendi mbwa. Alizaliwa Tanga, akasoma madrasa mpaka akahitimu, na kwa miaka yote tuliyokaa hapa Stafford, Texas, akikutana na mbwa njiani huhamia upande wa pili na kukunja kanzu, hata siku ambazo hajavaa kanzu. Basi Mungu, ambaye ana mambo yake, akatupa majirani wa uzio mmoja wenye mbwa.

Walikuwa wazee wawili Wajerumani, mume na mke, walioletwa Texas ujanani na kazi za mafuta wakanogewa. Wanangu walipokuwa wadogo waliwaita Babu na Bibi, nami nikawafuata wanangu. Mbwa wao alikuwa jike la kuwindia, mbegu ya kwao Ujerumani: mrefu wa miguu, rangi ya kahawia iliyopigwa mvi, manyoya magumu kama ufagio wa chelewa, na ndevu. Mara ya kwanza nilipomwona nilisema kimoyomoyo, huyu naye ni mzee wa tatu.

Babu alipougua nilianza kumtembeza mbwa ili Bibi apate kupumzika. Kazi yangu ni hospitalini, nahudumia watu wanaoshindwa kupumua, kwa hiyo nikitoka zamu kichwa kinakuwa kizito na kutembea kunanifaa. Mwanzo nilishika kamba kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshikishwa nepi chafu ya mtoto wa mwenzake. Baadaye nikashika kwa mkono mzima. Babu akafariki. Wanangu wakaenda chuo, mmoja baada ya mwingine, nyumba ikabaki na mlio wa friji na mume anayetazama taarifa ya habari. Kila jioni mbwa alikuja kwenye uzio akanisubiri. Nilimpenda yule mbwa. Naliandika wazi kwa kuwa kwetu si neno ambalo mama mtu mzima, mwenye ushungi wake, hulisema mbele za watu.

Halafu Bibi akaniambia kwamba anahama. Binti yake anaishi Arlington, kule kaskazini, na amemtafutia nafasi kwenye makazi ya wazee karibu naye. Mbwa mkubwa haruhusiwi. Nikasema papo hapo, nipe mimi.

Bibi hakufurahi kama nilivyotarajia. Akaniambia, na hapa naweka kwa Kiswahili maana tulikuwa tunazungumza Kiingereza, kila mtu na lafudhi yake:

"Huyu si mbwa wa kupapaswa. Asipofanya kazi anaharibika. Rafiki mmoja wa mume wangu, yule bwana wa Fort Worth, anamtaka, na yeye anawinda kila wiki ya majira ya baridi."

Nikaenda kumlalamikia mume wangu, nikidhani angalau atasikitika. Akashusha miwani.

"Huyo bibi ana akili," alisema. "Mbwa anafugwa kwa mambo matatu: kuwinda, kulinda mifugo, kulinda shamba. Sisi hatuna mbuzi, hatuna mahindi. Kama anawinda, sawa, atakaa gereji na mimi nitanunua ndoo ya udongo wa kuoshea najisi yake. Kama hawindi, haingii."

Ndivyo Bibi Mjerumani na mume wangu wa Tanga walivyokubaliana kwa mara ya kwanza tangu tuhamie mtaa ule, na hawakuwa hata wameketi pamoja. Wote wawili walitaka mbwa afanye kazi. Aliyebaki kufanyishwa kazi ni mimi.

Bibi akaniwekea sharti. Kila Januari marafiki wa Babu hufanya msako wa wanyama wadogo kwenye shamba la mmoja wao, huko magharibi ya Houston, kwa desturi za kwao Ujerumani. Nimpeleke mbwa kama mwongozaji wake. Sihitaji bunduki, kazi ya mwongozaji ni kumwachia mbwa atafute kilichoanguka na kukipokea mkononi. Akinifanyia kazi, ni wangu. Asiponifanyia, jioni ile ile anapanda pikapu ya bwana wa Fort Worth. Nikasema sawa kabla sijaelewa nimesema sawa kwa kitu gani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Tulifanya mazoezi kwenye bustani ya mji wakati wote wa vuli. Nilirusha kifurushi kilichofungwa ngozi ya sungura, mbwa akakifuata, akakileta, akakaa mbele yangu akiwa nacho mdomoni mpaka nikichukue. Bibi alitutazama akiwa ndani ya gari kwa sababu ya magoti yake. Kila mara kabla ya kumwachia mbwa nilisema bismillahi, kwa kuwa mume wangu alinieleza kwamba mbwa aliyefundishwa, akitumwa kwa jina la Mungu, anacholeta ni halali. Baada ya muda mbwa mwenyewe alizoea. Nisiposema, haondoki.

Siku ya msako mume wangu hakuja. Alisema mgongo unamuuma, na huenda kweli ulimuuma, lakini alimtuma rafiki yake anisindikize, Mkenya mmoja wa Arlington, muuguzi, ambaye mimi namwita shemeji. Huyu shemeji alijifunza kuwinda kutoka kwa wenzake wa kazini na ana bunduki ya marisau, leseni, na viatu ghali kuliko vya harusi yake. Alifika kwetu kabla ya alfajiri akipuliza vidole.

"Shem, hii baridi si mchezo," alisema. "Nime-drive tangu usiku kama mtu ametumwa na chifu. Unajua kwetu Ukambani ukishika sungura unaeza fungwa? Hapa nimelipa pesa yangu ndio niruhusiwe. Babu yangu akiniona huko aliko atanicheka sana."

Tulimchukua Bibi. Alikuwa amevaa koti la Babu la rangi ya majani, lililomfika magotini, na kofia yake yenye unyoya. Nilipomwona hivyo nilijua kwamba hatakaa ndani ya gari leo. Ulikuwa msako wake wa kwanza tangu afiwe, na wa mwisho.

Shambani tulikuta watu kama kumi na tano, wengi wao wana wa wana wa Wajerumani waliohamia Texas zamani, wanaume wenye mashavu mekundu na wanawake wenye sauti za kuamrisha ng'ombe. Mbwa walikuwa kila mahali. Mwenye shamba, mzee mwembamba, ndiye aliyekuwa kiongozi. Alipiga tarumbeta dogo la mviringo na wote wakavua kofia. Mimi nikashika ushungi wangu nisijue la kufanya nao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nilikuwa na kamba mkononi, kizibao cha rangi ya chungwa juu ya baibui fupi, na ushungi wa kijani niliouchagua ili nisiwakere wawindaji. Hakuna aliyenicheka. Kiongozi alisoma masharti: tunatembea kwa mstari mmoja, hakuna anayetangulia, hakuna anayebaki nyuma, tarumbeta likilia mara moja tunaanza, likilia kwa kurefusha kila mtu anatoa risasi kwenye bunduki na kusimama alipo.

Bwana wa Fort Worth alikuja kunisalimu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akainama akamkuna mbwa chini ya ndevu, akaniambia kwamba ana mbwa wengine wawili, ana uwanja mpana, na mbwa hatakosa kitu kwake. Alikuwa mtu mzuri kabisa, jambo lililonikera zaidi. Kizimba kilikuwa tayari nyuma ya pikapu yake, na blanketi ndani.

Tukaanza. Shamba lilikuwa nyasi ndefu zilizokauka na machaka ya miiba, ardhi imepigwa na jalidi inavunjika chini ya viatu. Bibi alitembea na fimbo yake upande wangu wa kushoto, shemeji kulia. Nilifurahi, lazima niseme. Pua zilikuwa zinachuruzika, miguu inauma, na nilifurahi kama mtoto aliyetoroka shule. Mbwa alikimbia mbele yetu kwa kona kona, mkia juu, na mimi ambaye nilidhani namjua niligundua kwamba nilikuwa sijawahi kumwona akiwa mzima.

Sungura alitoka chini ya kichaka. Shemeji akafyatua, sungura akabiringika, akainuka, akapotea kwenye nyasi. Nikasema bismillahi, nikamwachia mbwa. Alizama mle, nyasi zikatikisika, akatoka na sungura mdomoni, bado hai, ameshikwa taratibu bila jino kumwingia. Akanijia moja kwa moja. Nikainama, mikono tayari.

Akanipita. Akaenda kukaa mbele ya Bibi.

Bibi alimpokea sungura akimshika masikio, akamsifu mbwa kwa Kijerumani, na akainua mkono wa kulia kumpiga sungura kwa ubavu wa kiganja nyuma ya shingo, kama wanavyofanya wao ili asiteseke. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

"Bibi, ngoja! Usimuue!"

Nilikuwa nimemwahidi mume wangu kitoweo. Ningerudi na mnyama aliyekufa kwa kofi, angesema si nilikwambia. Sungura alikuwa hai, kisu alikuwa nacho shemeji, na mahali pale pote Mwislamu alikuwa mmoja tu, naye ni mwanamke. Kwetu Tanga mwanamke hachinji. Si kwamba amekatazwa. Mwalimu wetu alitufundisha vizuri tu kwamba inafaa. Lakini nimekulia kwenye mtaa ambapo mama mwenye mboga jikoni inayochemka husimama mlangoni na kuku mkononi, akisubiri mwanamume yeyote apite, hata muuza mkaa, amchinjie. Mama yangu aliwahi kusubiri mpaka wageni wakafika. Nilitazama kushoto na kulia katika nyasi za Texas kana kwamba muuza mkaa angetokea.

"Shemeji, nipe kisu," nikasema. "Kaskazini mashariki ni wapi?"

"Ati?"

"Kibla! Simu haina mtandao. Kaskazini mashariki ni upande gani?"

Shemeji, Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, akatazama jua, akahesabu kwa vidole, akageuka akauliza mtu wa upande wake. Yule akamuuliza wa pili. Swali likaenda mstari mzima, na kila mtu akasimama akaonyesha kidole, wengine upande huu, wengine ule. Kiongozi aliona watu wake wote wamesimama wakinyoosha vidole huku na huko, akadhani mtu amepigwa risasi, akapuliza tarumbeta kwa kurefusha. Msako ukafungwa. Bunduki zikafunguliwa. Kiongozi akaja mbio kwa umri wake ule, akatukuta nimepiga magoti, Bibi ameshika miguu ya sungura, shemeji amesimama kama dira na mkono ameunyoosha.

Nikachinja. Kiongozi alitazama, akauliza kama kuna aliyeumia, akaambiwa hakuna, akavaa kofia yake tena na kurudi alikotoka.

Msako wa pili ulikuwa wa kware. Mbwa aliwanusa kutoka mbali, akasimama mguu mmoja juu, hatikisiki, mpaka watu wakasogea. Kware wawili wakaanguka. Alileta wa kwanza kwa Bibi. Alileta wa pili kwa Bibi. Nilimwita, nilipiga paja, nilichuchumaa. Aliniangalia kwa macho ya heshima, kama unavyomwangalia shangazi wa mtu mwingine, akaendelea na safari yake. Bwana wa Fort Worth alikuwa karibu na aliona yote. Aligeuza uso, nadhani kwa kunihurumia, na huruma ile iliniuma.

Mchana tulirudi kwenye banda la mwenye shamba. Walikata matawi ya mwaloni yaliyobaki na majani mabichi, wakayatandika chini, wakawapanga wanyama juu yake kwa mistari, sungura mstari wao, ndege mstari wao, wote wamelazwa ubavu wa kulia. Kisha kiongozi akapita akimtia kila sungura jani dogo mdomoni. Bibi alinieleza kwamba ni mlo wake wa mwisho, kumshukuru. Sisi humpa mnyama maji kabla hajachinjwa. Wao humpa jani akishakufa. Nilipenda. Kiongozi alipofika kwa sungura wangu mwenye shingo iliyokatwa alisita, akatafuta pa kuweka jani, akapapata, akaliweka. Tarumbeta likapigwa kwa ajili ya sungura, na mara nyingine kwa ajili ya kware. Shemeji alitaka picha, akaruka mstari wa kware ili apate pembe nzuri, na watu wote wakaguna kwa pamoja. Kumbe aliyekufa harukwi.

Basi kwenye supu tukashtakiwa. Ni desturi yao: wakila, wanaweka mahakama ya mzaha, hakimu anavaa sufuria kichwani, na kila aliyekosea anahukumiwa. Shemeji alihukumiwa kubeba bata wote watakaopatikana alasiri. Mimi nilisomewa shtaka la kusimamisha msako mzima kwa kuuliza njia ya kwenda Makka.

"Una la kusema?" hakimu aliuliza.

"Nina la kuuliza," nikasema. "Watu kumi na tano wenye bunduki, na hamjui kaskazini mashariki ilipo?"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na soseji. Nikahukumiwa kutoa hotpoti langu la pilau, nililoleta kwa kuwa supu yao ilikuwa na nguruwe, na likaisha nikiwa nimepata vijiko viwili. Pale bandani mtandao ulikuwepo, na mume wangu alituma ujumbe: Mmepata kitu? Nikamjibu: Nimechinja. Akajibu: Wewe? Halafu: Kibla umekipataje? Nikamwambia ni hadithi ndefu.

Lakini mzaha ulipokwisha kiongozi alikuja kukaa karibu nami. Alisema kwa upole kwamba mbwa yule anafanya kazi vizuri kuliko wote waliokuja leo, ila hanifanyii mimi.

"Umebaki msako mmoja, wa bwawani," alisema. "Na Bibi hawezi kuacha kupokea. Anacholeta mbwa hakikataliwi. Ukikikataa mara moja tu unaweza kumvunja moyo asilete tena."

Nikamwambia nimeelewa. Shemeji alikuwa amesikia. Alinivuta pembeni, nyuma ya magari.

"Shem, si umwambie tu abaki kwa gari? Mazoezini alikuwa kwa gari. Hiyo ni simple. Ata-understand, yeye si mtoto."

"Simwambii."

"Utapoteza mbwa."

"Basi nitampoteza. Shemeji, yule mama amevaa koti la marehemu mumewe. Nimwambie nini, kaa ndani ya gari nikunyang'anye mbwa vizuri?"

Nilikuwa nimempandishia sauti bila sababu na macho yalikuwa yameanza kunichoma, kwa hiyo nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilimtaka mbwa yule. Nilitaka anisubiri kwenye uzio jioni, kisha nilitaka pasiwe na uzio. Na nilitaka vilevile Bibi awe na siku yake nzima, mpaka mwisho, na sikuona njia ya kuvipata vyote.

Bwawa lilikuwa chini ya kilima, limezungukwa na matete, maji ya rangi ya chai ya rangi. Tukajipanga kimya kimya. Bibi alisimama mbali kidogo na mimi, ukingoni, fimbo ameichomeka kwenye tope. Upepo ulikuwa mkali. Mbwa alikaa kati yetu, mwili wote unatetemeka, na si kwa baridi.

Bata wakainuka upande wa pili. Bunduki zikalia, bata dume mmoja akakunja mbawa akaanguka mbali, kwenye matete ya ng'ambo. Wengine wakapita juu na kwenda zao. Kiongozi alinipungia mkono. Bwana wa Fort Worth alikuwa ameegemea mti, na mkononi alikuwa na mkanda mpya wa mbwa, ambao aliuficha nilipotazama.

Bismillahi. Mbwa akajirusha majini.

Aliogelea kichwa tu kikionekana. Akafika kwenye matete, akapotea. Tulisikia akivunja vijiti, akakoroma, akanyamaza. Ilichukua muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa kwamba baridi imemzidi, nikafikiri, ya Rabi, mrudishe tu, aende kwa yeyote anayetaka. Kisha kichwa kikatokea, na bata mdomoni, shingo ya kijani imelala juu ya maji.

Alitoka ukingoni katikati yetu. Hakujikung'uta, maana akijikung'uta bata ataanguka. Alinitazama mimi. Akamtazama Bibi. Akaanza kwenda kwa Bibi.

Na Bibi akamgeuzia mgongo.

Aligeuka pole pole, kwa sababu ya magoti, akatia mikono miwili kwenye mifuko ya koti la Babu. Mbwa alisimama. Akamzunguka ili afike mbele yake, akamwinulia bata. Bibi akageuka tena. Uso wake sasa ulikuwa upande wangu na niliuona, na sitaueleza. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, kwenye miti, midomo ameikaza. Mbwa akamzunguka mara nyingine. Bibi akageuka mara nyingine. Kiongozi alikuwa amevua kofia.

Mbwa alibaki amesimama na bata mdomoni, maji yanamdondoka kwenye ndevu. Hakujua apeleke wapi. Nikachuchumaa kwenye tope, nikanyoosha mikono, nikamwita mara moja tu. Sikupiga paja wala sikupaza sauti.

Akaja. Alikuja akitazama nyuma, lakini alikuja. Akakaa mbele yangu. Nikampokea bata kwa mikono miwili, nikamfunga kamba haraka haraka, vidole havinisikii.

"Nimeshamfunga, Bibi," nikasema.

Hakugeuka.

"Msifu," alisema. "Msifu kwa sauti, asikie kwamba ni wewe."

Nikamsifu. Kijerumani alichonifundisha Bibi cha kumsifia kilinitoka kichwani, nikamsifu kwa Kiswahili, kwa maneno niliyowaambia wanangu walipoanza kutembea: hodari wangu, mzuri wangu, haya, umefika, umefika. Bwana wa Fort Worth akatikisa kichwa kukubali, akaondoka mtini. Bibi akang'oa fimbo yake kwenye tope na kuanza kupanda kilima kuelekea kwenye magari, peke yake, mikono ya lile koti ikimfunika vidole. Nilitaka kumkimbilia. Lakini mbwa alikuwa anavuta kamba kumfuata, kwa nguvu zake zote, na ilinibidi nisimame palepale nimemshikilia mpaka Bibi alipofika juu na kupotea.